Kutoonekana Si Kutokuwapo

Masomo: Mambo ya Walawi 13:1–8 na Marko 8:22–26

  

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya neno moja ambalo daktari humwambia mgonjwa mwisho wa matibabu. Neno lenyewe ni hili: "Hatukuona kitu."

Ni neno la furaha. Mtu aliyekuwa na saratani, akapasuliwa, akapigwa mionzi, au akatiwa dawa mshipani miezi mingi mpaka nywele zikaanguka, akilisikia neno hilo huona kama mzigo umetuliwa kichwani. Hurudi nyumbani. Jumapili huingia kanisani na sadaka yake ya shukrani, na akina mama hupiga vigelegele. Hayo ni mema, wala hatukuja leo kumnyang'anya mtu vigelegele vyake.

Lakini, wapendwa, mara nyingi neno hilo tunalisikia visivyo. Daktari amesema, "Hatukuona kitu." Sisi tumesikia, "Hakuna kitu." Maneno haya mawili yanafanana kama mapacha, lakini kila moja lina jina lake. Na kwa kuyachanganya, wako watu walioacha kurudi hospitalini siku waliyopangiwa, na ugonjwa ukawarudia pasipo mtu wa kuuona mapema.

Sisi tuishio Turkana tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Litazameni laga la Tarach pale Kakuma wakati wa kiangazi. Mgeni akisimama ukingoni ataona mchanga mkavu toka ng'ambo hii hata ng'ambo ile, naye atasema, hapa hakuna maji. Lakini akina mama wetu wanapajua pa kuchimba. Hushuka na vyombo vyao, huchimba mpaka shimo limfikie mtu kiunoni na zaidi, na maji hujikusanya chini yake. Je, mgeni yule alisema uongo? Hapana. Alisema alivyoona. Ila macho yake yaliishia juu ya mchanga.

Vipimo vya hospitali navyo ni macho. Ni macho makali kuliko yetu, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kila jicho lina mahali linapoishia.

Na tuanze na ugonjwa ambao Turkana inaujua kuliko nchi nyingi, yaani haidatidi. Huu si saratani, lakini utatusaidia kuielewa saratani, maana tabia yake baada ya matibabu yafanana nayo.

Haidatidi huletwa na mnyoo mdogo sana, wa urefu wa milimita chache, ukaao katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi cha mbwa. Mtu akiyameza, kwa mikono isiyonawiwa au kwa maji au kwa chakula, yai huanguliwa tumboni, na kijidudu husafiri katika damu mpaka kwenye ini, au mapafu, au mahali pengine mwilini. Hapo hujifanyia kifuko cha maji, nacho hukua polepole, miaka hata miaka, mpaka tumbo la mtu hutokeza kama la mama mjamzito. Mbwa naye hupata mnyoo huo akila maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ngamia yenye vifuko.

Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, watafiti walikuta ya kwamba kaskazini-magharibi ya Turkana ilikuwa na ugonjwa huu kupita mahali pengine popote duniani palipokuwa pamehesabiwa. Walihesabu wagonjwa wapya wapatao 220 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Basi mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kupambana nao: kuwatibu mbwa na kupunguza idadi yao, kuwafundisha watu, kupasua wagonjwa, na kuzunguka katika maboma na mashine ya altrasaundi, yaani ile inayopiga picha ya ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Hapa kwetu, chini ya miti ya migunga, mashine ya namna hiyo ilitumika kupima watu wahamao na mifugo wakati ambapo miji mingi ya Afrika ilikuwa haijaiona.

Sasa sikilizeni yaliyojulikana kutokana na kazi hiyo. Watu walipimwa kwa njia mbili, kwa picha na kwa damu, na mwaka 1987 matokeo yalichapishwa katika jarida la waganga la Uingereza, The Lancet. Picha ilishinda damu. Walikuwako watu wenye kifuko kinachoonekana wazi tumboni, na damu yao haikuonyesha dalili yoyote. Kipimo cha damu kilisema hapana, na kifuko kilikuwapo.

Na baada ya matibabu mambo huwa magumu zaidi. Ndani ya maji ya kifuko mna vichwa vidogo vya mnyoo, vidogo kama punje za mchanga laini. Daktari anapopasua, huchukua uangalifu mwingi ili maji yale yasimwagike tumboni, kwa sababu kila kichwa kidogo kikidondoka chaweza kuwa kifuko kipya. Siku mgonjwa anapotoka hospitalini, picha ni safi. Hakuna kifuko. Lakini kama kimoja kilidondoka, ni kidogo mno hata mashine haikioni. Kitakua taratibu, na huenda kionekane baada ya miaka miwili, mitatu, au zaidi.

Wako na wale wanaotibiwa kwa vidonge vya albendazole, vilivyoanza kutumiwa hapa Turkana katika miaka ya 1980. Kwao kifuko hakiondoki mara moja. Picha huendelea kukionyesha, na daktari hulazimika kuuliza: je, kilichomo ndani kimekufa, au kimelala? Kifuko kinachoonekana kimekauka chaweza kuamka tena. Na damu nayo, baada ya mtu kupona kweli kweli, yaweza kuendelea kwa miaka kuonyesha alama za vita ambavyo vimekwisha. Basi mwaona, ndugu zetu: picha yaweza kunyamaza hali ugonjwa upo, na damu yaweza kupiga kelele hali ugonjwa umekwisha. Ndiyo sababu mgonjwa wa haidatidi huambiwa arudi kupimwa kwa miaka mingi, mitano na zaidi.

Sasa tuje kwenye saratani yenyewe.

Mwili wetu umejengwa kwa seli, vijumba hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Saratani ni seli zilizokataa sheria ya mwili, zikazaana pasipo kukoma. Uvimbe wa saratani wenye upana wa sentimita moja, kama punje ya harage, una seli mamia ya milioni, hata kukaribia bilioni moja. Mashine kubwa za skani zilizoko Eldoret na Nairobi zaweza kuona uvimbe wa milimita chache. Chini ya hapo huanza kiza. Kwa hiyo picha iliyo safi kabisa yaweza kuwa picha ya mtu asiye na seli hata moja ya saratani, nayo yaweza kuwa picha ya mtu aliyebakiwa na seli milioni kadhaa zilizotawanyika. Picha ni ileile moja. Daktari akiishika mkononi hawezi kuwatofautisha watu hawa wawili.

Chukueni saratani ya damu. Mgonjwa anapogunduliwa aweza kuwa na seli mbaya zipatazo trilioni moja. Baada ya dawa za kwanza, huchotwa uboho kidogo kutoka mfupani, ukatazamwa kwa hadubini. Kama katika kila seli mia hazionekani mbaya tano, waganga husema ugonjwa umetulia. Hawasemi umekwisha, maana katika kutulia huko zaweza kubaki seli bilioni kadhaa. Ndiyo maana dawa huendelea kutolewa kwa muda mrefu, hata wakati mgonjwa anajiona mzima na wazazi wanauliza, "Mbona mwanangu anateswa bado?" Siku hizi viko vipimo vipya vinavyoweza kumtafuta adui mmoja kati ya seli 10,000, na vingine mmoja kati ya milioni. Ni ajabu kubwa. Lakini hata hivyo vinapima kijiko kimoja tu cha uboho au damu, si mwili mzima. Mchungaji akihesabu mbuzi walio kisimani, hajahesabu walio mlimani.

Tena kuna upande wa pili, ambao nao tuutaje ili tusiwe na hofu isiyo na sababu. Si kila kinachoonekana ni saratani. Kovu la upasuaji laweza kufanana na uvimbe. Ile skani ambayo huonyesha sehemu zinazokula sukari nyingi mwilini huwaka kwa saratani, lakini huwaka pia kwa kidonda kinachopona na kwa kifua kikuu, nacho kifua kikuu hakijatuacha. Kwa hiyo mtu akiambiwa, "Tumeona kitu," asianze kugawa mbuzi zake. Mara nyingine hukatwa kinyama kidogo, kikapimwa, kikakutwa ni kovu tu.

Afrika Mashariki yetu ilitoa fundisho kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Kampala, Denis Burkitt, naye alikuwa Mkristo mcha Mungu, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda na nchi jirani. Baadaye dawa zilipopatikana, waganga waliona jambo lililowashangaza. Mtoto ambaye uso wake ulikuwa umevimba hata jicho halionekani, alipewa dawa, na baada ya siku chache uvimbe uliyeyuka kama mafuta juani. Mama hakuamini macho yake. Mwaka 1967 palifunguliwa pale Mulago kituo cha kutibu saratani hiyo, ambacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Lakini si watoto wote waliokuwa wamepona. Kwa wengine ugonjwa ulirudi, na mara nyingi ulirudi katika ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa iliyo katika damu haifiki vizuri. Uso ulikuwa safi. Adui alikuwa amejificha nyuma ya ukuta. Basi waganga wale walijifunza mambo mawili. Kwanza, walianza kutia dawa hata kwenye uti wa mgongo, wakiutibu ugonjwa wasiouona. Pili, walijifunza kungoja. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, kisha wa pili, bila ugonjwa kurudi, walithubutu kusema juu yake: huyu amepona. Hakuna mashine iliyowaambia hivyo. Muda ndio uliowaambia.

Wapendwa, hilo ndilo tunalotaka mlishike. Siku ya kurudi hospitalini ni sehemu ya kipimo. Picha ya leo ni nusu ya kipimo, na picha ya miezi mitatu ijayo ni nusu ya pili. Daktari hulinganisha mbili hizo: kama kidoa kidogo kimebaki vilevile, huenda ni kovu, kama kimekua, ana cha kutibu kingali kidogo. Asiyerudi amempa daktari nusu ya swali, kisha ataka jibu zima. Saratani nyingine hurudi upesi, ndani ya mwaka mmoja au miwili. Nyingine, kama aina fulani za saratani ya matiti, zaweza kukaa kimya miaka mitano, kumi, hata ishirini.

Sasa tulete jambo hili kanisani, maana ndipo linapotugusa.

Tuseme yuko mama mmoja wa Kakuma aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani, akatiwa dawa Eldoret. Toka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi, na toka Lodwar hadi Eldoret ni safari ndefu kupita hiyo mara mbili na zaidi. Kanisa lilimchangia nauli safari zote. Safari ya mwisho akaambiwa, "Hatukuona kitu, rudi baada ya miezi mitatu." Jumapili akasimama kushuhudia. Alipoanza kusema, "Daktari amenipa siku ya kurudi," mtu akamkatiza, "Mama, usiseme hivyo, sema umepona kabisa!" Kanisa lote likaitikia amina, naye akaketi.

Miezi mitatu ikapita. Sasa mama huyu hana nauli. Afanyeje? Atawaomba nauli wale wale walioimba ya kwamba ugonjwa umekwisha? Akiomba, atakuwa kama mtu asiye na imani. Na kama ni mkimbizi, shida yake ni mara mbili, kwa sababu hana budi kupata ruhusa ya kusafiri nje ya kambi, na ruhusa huombwa kwa sababu. Atatoa sababu gani, na majirani wote wanajua ya kwamba alipona? Basi hunyamaza. Hutoa maji, hupika, huimba katika kwaya. Na huenda kweli amepona. Lakini huenda pia kuna kitu kidogo kinakua, ambacho mwezi ule kingeweza kutibiwa, na mwaka ujao hakitaweza.

Ni nani aliyemfunga mama huyu mdomo? Sisi kanisa ndio tuliomfunga, kwa shukrani zetu.

Je, Neno la Mungu linasemaje? Tufungue Mambo ya Walawi, sura ya 13. Watu wengi huiruka sura hiyo, wakisema ni habari za vidonda na vipele tu. Lakini itazameni vema. Mtu mwenye alama katika ngozi yake aliletwa kwa kuhani. Kuhani alitazama. Kama jambo halikuwa wazi, hakuruhusiwa kukisia. Alimtenga mtu yule siku saba, kisha akamtazama tena. Kama bado halikuwa wazi, siku saba nyingine, kisha akatazama mara ya tatu. Na katika mstari wa saba mna agizo la ajabu: hata baada ya kuhani kumwonyesha kuwa ni safi, kama ile alama ikienea, mtu yule ajionyeshe tena kwa kuhani.

Mnaona? Torati yenyewe ilijua ya kwamba jicho la kuhani lina mpaka wake. Haikumwita kuhani mwongo kwa kuwa jana alisema "safi" na leo anasema vingine. Wala haikumwambia mgonjwa, "Ulikwisha kutangazwa safi, mbona umerudi? Huna imani?" Kurudi kulikuwa ni kutii. Na katika sura ya 14 sheria hiyo hiyo ilihusu hata nyumba iliyoota doa ukutani: mawe yatolewe, kuta zikwanguliwe na kupakwa upya, kisha kuhani arudi kutazama kama doa limetokea tena. Ninyi mliojaribu kuung'oa mti wa mathenge mwajua habari hiyo. Waukata leo, shamba linang'aa. Mvua ikinyesha, kisiki kinachipuka. Mwenye shamba hawi mtu wa hofu kwa kuwa anarudi kutazama kisiki. Ni mtu mwenye busara.

Kisha tufungue Injili ya Marko, sura ya 8. Bwana Yesu alimponya kipofu wa Bethsaida, na hapo alifanya jambo ambalo hatulisomi katika uponyaji mwingine wowote wake. Alipokwisha kumwekea mikono, alimwuliza kama anaona kitu. Bwana mwenyewe aliuliza! Na yule mtu angeweza kusema, kwa heshima au kwa aibu, "Ndiyo, Bwana, naona vizuri kabisa." Makutano wangefurahi. Lakini alisema kweli: aliwaona watu, ila hawakuwa wazi, walikuwa kama miti itembeayo. Bwana hakumkemea. Hakumwambia kwamba ameiharibu miujiza kwa ulimi wake. Alimwekea mikono mara ya pili, na ndipo mtu yule akaona sawasawa. Kama angesema uongo wa heshima, angerudi nyumbani na macho ya ukungu.

Kwa hiyo, mpendwa msikilizaji uliye mgonjwa au uliyetibiwa, usione haya kusema kweli. Unaposhuhudia, sema hivi: "Namshukuru Mungu, nimepimwa na hakuna kilichoonekana, nami nitarudi mwezi fulani." Huo ni ushuhuda kamili, haukupungukiwa imani hata kidogo. Usichoke kurudi. Iweke karatasi ya tarehe mahali pakavu, mpe mtoto mkubwa au jirani akukumbushe. Na kama kabla ya siku hiyo ukiona uvimbe mpya, au kukonda, au maumivu mapya yasiyokwisha, au kikohozi chenye damu, usingoje tarehe; nenda kituo cha afya kilicho karibu, ukawaeleze ugonjwa uliokuwa nao.

Tena usiwaambie watu, "Basi vipimo ni bure." La. Mchunga mbuzi haachi kuhesabu kundi lake kwa sababu hawezi kuona usiku. Anahesabu jioni, na asubuhi anahesabu tena. Kipimo kisichoona yote huona mengi, nacho kimewaokoa watu ambao tunakaa nao madhabahuni leo.

Kwenu watu wa nyumbani: msimwulize kila siku, "Umepona au hujapona?" Hana jibu, na daktari wake hana. Mwulizeni, "Unaendeleaje leo?" Siku za kungoja majibu ni ngumu kuliko siku za dawa. Wengi waliotibiwa hawalali wiki ile ya kwenda kupimwa. Kila kiungo kikiuma hudhani ugonjwa umerudi. Mtu akae naye, apike naye, asali naye. Msimwambie asiogope kana kwamba hofu ni dhambi. Bwana wetu naye alitaka wenzake wakeshe pamoja naye usiku ule wa Gethsemane.

Kwenu wazee wa kanisa na akina mama wa vyama: mnapochanga fedha kwa ajili ya mgonjwa, msichange ya kwenda tu. Changeni na ya kurudi kupimwa, mkaiweke kando tangu mwanzo, ili asilazimike kuomba. Shilingi ya safari ya nne haina vigelegele, kwa kuwa hakuna aliyelala kitandani anayeonekana kuugua. Lakini huenda hiyo ndiyo shilingi itakayomwokoa.

Na kwetu sisi wachungaji: tusimlazimishe mtu kutangaza zaidi ya alivyoambiwa. Mungu hahitaji tumwongezee sifa kwa maneno tusiyo na hakika nayo. Tunaweza kuomba kwa imani yote ya kwamba Bwana aponye, tukaomba hivyo asubuhi na jioni, na kisha tukampeleka mgonjwa stendi ya basi sisi wenyewe siku ya kurudi kwake. Wale kumi wenye ukoma katika Luka sura ya 17 walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, nao walitakasika wakiwa njiani wanakwenda. Hawakuambiwa wakae nyumbani wangoje.

Labda mtu mmoja anayetusikiliza atauliza: "Basi mimi nitaishije? Kama hakuna kipimo kiwezacho kuniambia kwa hakika, nitakaaje na mashaka haya mpaka mwisho?" Ndugu, dada, hatutakupa jibu jepesi. Twakuambia tu ya kwamba huko uliko hauko peke yako. Hakuna hata mmoja wetu, mzima au mgonjwa, aliye na karatasi ya daktari inayomhakikishia kesho. Wewe umelijua jambo hilo mapema kuliko sisi. Daktari huona hadi milimita chache, naye anyenyekee hapo. Lakini Zaburi ya 139 yatuambia juu ya Yeye ambaye kwake giza na nuru ni sawa, aliyetuona kabla hatujaumbika. Kile kisichoonekana katika skani hakikufichika machoni pake. Hatujui atakufanyia nini. Twajua kwamba hakuna sehemu ya mwili wako iliyo gizani kwake. Unapongoja, wangojea ukiwa mikononi mwa mtu anayeona.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba na kutujua, twakushukuru kwa ajili ya madaktari, wauguzi na wapimaji, na kwa macho uliyowapa. Uwape unyenyekevu wa kusema waliyoyaona na ujasiri wa kusema wasiyoyaona. Uwakumbuke wote waliotibiwa na sasa wanangoja: walioko Lodwar, walioko Kakuma, na wale walio njiani katika basi usiku huu wakienda kupimwa. Uwape usingizi. Uwape nauli, na watu wa kwenda nao. Ulifundishe kanisa lako kushukuru bila kumfunga mtu mdomo. Na yaliyofichika kwetu, ee Bwana, uyatazame wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.